Kuta Zimeingia Atelie

Mama Mwamba,

Huku Likasi vumbi la malori ya mgodi wa Kamatanda linaingia mpaka kwenye sufuria, na umeme unakatika kila ukitaka kupiga pasi. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba, tangu tulipokuzika, Mwamba, mwanao, ameigawanya atelie. Kile chumba chako kikubwa cha kushonea, tulimokaa wanawake wanne na mashine zetu kuizunguka meza moja ya kukatia, sasa ni vijumba vya triplex, zile mbao nyembamba. Kesho seremala anakuja kukifunga cha mwisho, changu.

Nilimwambia asifanye. Kwanza kwa upole, halafu kwa mdomo wangu huu unaoujua. Hakunijibu vibaya. Aliniita dada mkubwa kama siku zote, akasema, "Yaya Nadège, siku hizi kila muntu anataka nafasi yake." Na wateja wamefurahi, siwezi kukudanganya. Mke wa mchimbaji mmoja alivua nguo apimwe, akacheka, akasema zamani alikuwa anaona haya mbele ya macho yetu yote.

Lakini Mama, mimi nilijifunzia wapi kazi kama si kwenye macho hayo? Nilipofika kwako sikujua hata kutia uzi kwenye sindano ya mashine. Uliniketisha katikati na kuniambia, "Weye angalia tu, utajua." Basi. Kola niliiba kwa Béa, kwa kumtazama. Vifungo niliviiba kwa Mama Charlotte, ambaye hajawahi kumfundisha mtu kitu kwa hiari yake. Béa alipolala na malaria, tulimalizia magauni yake bila kuulizana. Mtoto wake alikuwa analala chini ya meza, na aliyekuwa na mguu usio na kazi ndiye aliyembembeleza.

Na ile desturi yako. Hakuna aliyekata kitenge kabla ya kukiinua juu kwa mikono miwili. Pedali zilisimama, ukauliza, "Munaona?" Sisi tukajibu, "Tunaona." Mmoja akinyamaza, mkasi ulibaki mezani. Mwanzoni nilikuwa nakucheka moyoni, nikidhani ni mambo ya uzee.

Sasa sikia yaliyompata Béa. Akina mama wa kwaya walimletea kitenge chenye ndege, washonewe sare. Akakikata peke yake ndani ya kijumba chake, amechoka, mtoto analia. Ndege wote wakatoka vichwa chini, Mama. Wote. Nani angemkonyeza kwamba kitenge kimegeuka, na kila mtu ameelekea ubao wake?

Mimi nilikuwa upande wa pili wa triplex. Nilisikia analia. Nikagonga, nikamwuliza ana nini. Akasema, "Niko na mafua tu, Yaya." Nikarudi kukaa. Hilo linaniuma kuliko yote, kwamba kiwiko changu na chake vilikuwa karibu kugusana na nikaamini ni mafua.

Kitenge kile kilikuwa kimekwisha sokoni. Akashona hivyo hivyo. Jumapili akina mama wakasimama mbele kuimba, ndege wanaanguka vifuani mwao, na watu wakaficha midomo kwenye leso. Tangu siku hiyo Béa hajarudi. Nilikwenda kwake. Amefunika mashine kwa shuka, anakaanga vitumbula vya kuuza. Nilimbembeleza arudi mpaka nikaishiwa maneno. Akaniambia, "Nirudi kukaa na nani?" Nikakaa pale natazama mafuta yanachemka.

Mwamba amekwisha kupata mtu wa kijumba cha Béa. Nilimwendea tena, nimejipanga kusema mambo makali, lakini ana uso wako, Mama, na nikamwona amechoka, watoto wake wanamngoja mlangoni. Nyumba ni yake. Miye ni nani hata nimkataze? Nilimpa mkono nikaondoka.

Nilisema nitahama. Kwenda wapi? Nikishonea nyumbani nitakuwa peke yangu zaidi ya hapa. Kwa hiyo nitabaki, na seremala akija nitamshikia ubao, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuupigilia misumari vizuri.

Pumzika, Mama. Siwezi kukuahidi kwamba kuta zitaanguka, wala kwamba Béa atarudi. Nimejaribu, na nguvu zangu zimeishia hapo. Ninakuahidi kilicho mikononi mwangu: Mwamba amenunua mlango na kufuli kwa ajili ya kijumba changu, na nitamwambia seremala asiuweke. Pazia pia sitaki. Mteja mwenye haya nitamfuata kumpimia kwake. Nitashona wazi, Mama, hata kama mbele yangu kutakuwa na ubao tu.

Nadège wako