Ndege Iliyopakwa Mafuta ya Papa

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Malindi sote tu wazima, ila mdogo wangu Athumani, fundi wa mashua, atanitia wazimu. Unauliza kama umpe ndege yako ya rimoti aitengeneze? Usithubutu!

Miaka ya themanini niliunda yangu kwa balsa, mbao nyepesi kama unyoya. Nilipogeuka tu, akaipaka mafuta ya papa kama apakavyo mashua, ati isioze! Mbao zikayanywa yote, ndege ikawa nzito. Tukaenda kuirusha Marereni, kwenye mabwawa ya chumvi. Ikakimbia, isiinuke hata shubiri, ikatumbukia majini. Nikashika kichwa. Athumani akapiga makofi: "Kaka, tazama, haizami!"

Hivyo ndivyo anavyoonyesha mapenzi. Barua hii ikikunukia papa, usishangae. Meza yangu nayo ameshaipaka.

Babu yako