Baba, Dereva Alirudi Mara Mbili

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipoinamisha kichwa juu ya meza yako ya kazi, na Mama akadhani umepitiwa na usingizi. Chai yako ilikuwa bado ya moto. Miwani ulikuwa umeishika mkononi.

Tunakukumbuka kwa mengi mazuri, na tungependa leo, katika tangazo hili la kumbukumbu gazetini, tuyaseme hayo tu. Ulikuwa baba mpole. Uliwaandikia majirani barua za kuomba kazi, na wakija kushukuru unajifanya una shughuli. Ulichonga penseli kwa kisu cha jikoni, kisha ukakiosha na kukirudisha kimyakimya ukidhani Mama hajui. Wajukuu walikuita Babu Vita, kwa sababu kila wakikuuliza unaandika nini ulisema vita, na wakikuuliza nani alishinda ulisema bado unasoma.

Uliandika vitabu tisa, vyote juu ya vita vilivyokukuta kijana. Vitano ni riwaya, vinne ni historia. Na yeyote aliyekaa chumbani kwako aliijua kanuni yako, maana uliihubiri mpaka tukachoka: lililotoka kinywani mwa aliyeliona huandikwa kwa wino, lililotoka kichwani mwako huandikwa kwa penseli. Ya penseli yaende kwenye riwaya, ya wino ndiyo historia. Wajane na wapiganaji wa zamani waliokuja kukusimulia uliwapa chai kwanza, daftari baadaye, na hakuna aliyeondoka kabla hujamsomea maneno yake. "Nimekusikia sawasawa, mama?" Akiitikia, unatia alama ya vema pembeni.

Mimi, binti yako wa kwanza, ndiye niliyekupigia chapa vitabu vyote tisa. Nilipiga kutoka kwenye nakala safi uliyonakili mwenyewe, na kwenye nakala safi kila kitu kilikuwa wino. Sikuwahi kuomba kuona madaftari. Ningeombaje, na aliyeyaandika ni wewe?

Ndiyo maana tulikuamini wewe kuliko Baba Mdogo.

Yeye alikuwa dereva wa lori wakati wa vita, mdogo wako wa tumbo moja. Miaka kumi na miwili iliyopita ulitoa kitabu cha historia, na sura ya saba ikasimulia dereva mmoja kwenye daraja. Alipakia majeruhi walioweza kutembea, akawaacha waliolala kwenye machela, akaondoa gari bila kugeuka nyuma. Hukumtaja jina. Ulitaja kidole gumba kilichokatika, na kofia ya sufu aliyofumiwa na mama yenu. Nani asingemjua?

Alikuja na kitabu kwapani. Tulikuwa mezani sote, tunakula.

"Kaka, nilirudi," alisema. "Nilikueleza, hapahapa, kwamba nilirudi."

"Vita vinachanganya kumbukumbu, mdogo wangu," ulimjibu, kwa upole wako uleule. "Mimi nimeandika nilichoambiwa."

Akatutazama mmoja mmoja. Tukainamia sahani zetu.

Siku hizo alikuwa akiendesha basi la shule. Wazazi wakasema aliyewatupa majeruhi hawezi kukabidhiwa watoto wao, naye akasimamishwa. Akaishia kuziba pancha. Kwenye harusi ya mdogo wangu mimi ndiye niliyeandika kadi za mwaliko, na yeye nikamruka. Sikuona vibaya. Nilijiona nakutetea.

Mwezi uliopita, Baba, tulifungua kabati lako kutafuta picha nzuri ya kuweka hapa juu. Nikakuta daftari la sura ya saba. Ukurasa wa Baba Mdogo ni wa wino, mwandiko umenyooka kama kawaida yako: "Alirudi mara mbili. Ya tatu, daraja likalipuliwa mbele yake." Hakuna alama ya vema. Wageni wote uliwasomea, ndugu yako hukumsomea. Na pembeni, kwa penseli: "Akirudi, sura inapoa. Asirudi."

Mama alikaa kitako sakafuni.

"Ametuuza," alisema. "Ametuuza sote, na mimi namletea chai."

Tumekasirika, Baba, na hasira yenyewe haina pa kwenda kwa kuwa hupo. Ulimtoa ndugu yako kafara ili sura moja ipendeze, kisha ukatuacha tumpe kisogo miaka kumi na miwili huku ukijua. Riwaya ulikuwa nazo tano. Ungemweka humo, ukamfanya mwoga kadiri ulivyotaka, na asingeumia mtu.

Kitinda mimba wako hakulitaka tangazo hili. "Mzee amelala, mwacheni apumzike," alisema. Mama akamwuliza, "Na aliye macho, atapumzika lini?" Akakubali. Naye yumo hapa chini pamoja nasi.

Basi tulimpelekea Baba Mdogo daftari. Tulimkuta akizungusha tyubu kwenye beseni la maji, akitafuta panapotoa mapovu. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena kwa suruali, ndipo akalipokea. Tulitarajia matusi, na tulikuwa tayari kuyameza.

"Kumbe alinisikia," alisema.

Akaendelea kuutazama ukurasa. "Miaka yote hii nimejifariji kwamba siku ile hakunisikia vizuri."

Hilo ndilo lililotuvunja, Baba, kuliko hata penseli yako.

Nilimwomba radhi kwa ile kadi. Kisha nikamwuliza kama atakubali kutajwa miongoni mwa wanaokukumbuka leo. Aliirudisha tyubu majini, akaishikilia chini kwa mikono miwili.

"Alikuwa kaka yangu," alisema. "Niwekeni. Ila safari hii mnisomee kwanza."

Tumemsomea, kuanzia juu mpaka hapa. Alisikiliza amefumba macho, na akasahihisha mahali pamoja tu. Tulikuwa tumeandika kwamba aliwaokoa majeruhi wa darajani.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Andika kwamba niliwabeba wanane. Watatu walibaki, na waliniona nikiondoka."

Tumeandika hivyo. Akaitikia, nami nikatia alama ya vema pembeni.

Unakumbukwa na mkeo. Binti yako mpiga chapa. Wanao wawili wanaonifuata. Wajukuu, ambao bado wanauliza nani alishinda. Na mdogo wako, dereva, aliyerudi mara mbili.

Siku zote tutakukumbuka, Baba, na kuanzia leo tutakukumbuka na kwa hili.