Nywele Zangu Kwenye Gazeti

Rwamgasa, Jumanne usiku

Ncha zilikuwa zimepasuka mpaka kitana kinanasa. Vumbi la huku halina huruma. Mafuta nimepaka mwezi mzima, wapi! Msusi wangu, Mama Neema, alishaniambia: ncha ikipasuka haiungiki, ikate kabla mpasuko haujapanda.

Leo nikakubali. Alipomaliza akaokota vipande, akavifunga kwenye gazeti bila kuombwa.

"Shika, mdogo wangu. Huku machimboni nywele za mtu haziachwi sakafuni. Kuna wanaozipeleka kwa waganga wapate dhahabu."

Nilicheka.

Nyumbani mama hata kichwa changu hakukitazama. "Umerudi nazo zote?"

"Zote, mama." Tukazichoma jikoni.

Sasa navua blauzi, nakuta kipande kimenasa kwenye kola. Kama hiki kilimponyoka Mama Neema, vingine viko wapi?