Presha ya Mwanaidi

Mkuyuni, Jumanne jioni

Bado nina hasira, ingawa mwisho umekuwa mzuri.

Leo nilimpima presha Mwanaidi, mjamzito aliyeshuka kutoka milimani na mama mkwe wake. Ilikuwa juu mno. Sista Agripina, muuguzi anayenisimamia mafunzo hapa zahanati, akasema huenda ni uchovu wa njia, apumzike kwanza. Nikampima tena. Ileile.

"Huyu aende hospitali Morogoro sasa hivi," akasema Sista.

Mama mkwe akakataa. "Haka katoto kametoka Tanga juzi tu, kanatutisha. Twende zetu, maharage yanatungoja."

Wanawake kwenye benchi wakacheka. Nilitamani kurudi kwetu pwani saa ileile. Lakini nilipiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo, bibi. Kweli mimi ni mgeni. Ila muulize mwenyewe kama kichwa hakimuumi."

Mwanaidi akajibu polepole, "Tangu jana, mama. Na naona ukungu."

Bibi akajifunga kanga vizuri. "Haya. Gari liko wapi?"

Jioni hii Sista amepigiwa simu kutoka hospitali: Mwanaidi amejifungua, yeye na mtoto ni wazima. Nimelia kidogo, peke yangu jikoni.

Bado naogopa. Mengi siyajui, na wakianza Kiluguru napotea kabisa. Lakini keshokutwa kuna kliniki ya watoto kulekule milimani, na Sista alipouliza nani atapanda naye, nilisema "mimi" kabla hajamaliza.