Ndoo Yangu ya Vyura na Sheria za Mwalimu Kassimu

Jumanne, manyunyu tangu alfajiri.

Leo nimeamka kabla ya adhana. Mama kalishuhudia kwa macho yake na bado hajaliamini. Chini ya kitanda nilikuwa na ndoo ya vyura, nimewakamata mwenyewe jana kwenye mtaro wa Barabara ya Kumi na Mbili, kwa mikono mitupu. Kidato cha tatu kizima kinajua kwamba hapa mtaani kwetu Ngamiani hajazaliwa wa kumkamata chura kunishinda miye. Mmoja ni wangu, waliobaki ni wa wale waoga wanaopiga kelele wakiona hata mkia wa mjusi.

Leo ilikuwa siku ya kumpasua chura.

Haikuwa.

Ngoja nianze mwanzo, maana nina hasira, na hasira yangu haijui foleni.

Mwalimu Kassimu wa bayolojia alipokuja mwaka huu, siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alibandika ukutani karatasi ya manila yenye sheria tano, akazisoma taratibu kama khatibu. Ya kwanza, kila mtu awe na koti jeupe. Ya pili, kila mtu alete kiumbe chake cha kupasua, kwa sababu maabara yetu ina meza na mende basi. Ya tatu, meza isafishwe kabla hujatoka. Ya nne, asiyefika vipindi vitatu bila taarifa, jina lake litakatwa. Ya tano nilicheka alipoisoma: kiumbe akifia mkononi mwako bure, hujasoma, umeua.

Kisha akaandika jina lake chini ya karatasi.

"Na miye nimo," akasema. "Sheria hizi ni za kila anayeingia mlango huu."

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa siku mbili kwa wiki. Siku nyingine nilikuwa na mjomba, tunapanda basi la Horohoro, tunavuka mpaka, tunarudi na sabuni na khanga. Zamani mjomba akiifanya kazi hiyo usiku, porini, moyo mkononi. Siku hizi kila kitu ruksa, twapita mchana na twasalimiana na askari. Nilikuwa na saa ya mkononi. Nilikuwa mtu.

Mwalimu Kassimu kaninasa kwa samaki. Alililetea darasa samaki mmoja, changu, wa kuonyeshea viungo, hakuna aliyetaka kumgusa, nikachukua kisu. Miye nimepasua samaki wa mama tangu sijaota meno ya pili. Nikamfungua bila kutoboa utumbo, kila kitu mahali pake. Mwalimu akanishika mkono, akautazama mbele ya darasa zima.

"Huu mkono wa tabibu," akasema. "Unabebea sabuni?"

Mkono huu umesemwa mengi. Umesemwa unaiba maembe, umesemwa unapiga watoto wa watu. La utabibu sijawahi kulisikia. Nilijifanya kucheka, lakini nyumbani nikautazama tena peke yangu.

Basi akanipa shuruti: sheria ya nne, ama mjomba. Nikamwambia mjomba hapana. Nafasi yangu kaichukua binamu yangu Saidi, ambaye hajui hata kuhesabu mikono yake, na sasa ana baiskeli mpya na anapita dirishani kwetu makusudi, akipiga kengele.

Kuhusu koti, mama hakupata kitambaa cheupe. Alinishonea kwa mfuko wa unga wa msaada. Kaufua kwa majivu, kwa sabuni, kwa dua, na maandishi ya mgongoni yamekataa kutoka: maneno ya Kizungu yasemayo kwamba kitu hiki hakiuzwi. Darasani naitwa Msaada. Sijali. Mwenye koti bovu na chura mzuri ni bora kuliko mwenye koti zuri anayemkimbia chura.

Tangu hapo sijakosa kipindi hata kimoja. Miye! Nimekwenda na homa, nimekwenda na mvua.

Aliyekosa ni mwalimu mwenyewe. Wiki iliyopita hakuja mara mbili. Tulisema anaumwa, Zaina kiongozi wa darasa akamwombea dua. Leo ni mara ya tatu. Tulisimama maabara na makoti yetu, vyura wanalia ndani ya ndoo, mpaka headmasta akaingia na kusema kwamba asipopatikana mwalimu mwezi huu, bayolojia itafutwa kwa kidato chetu.

Bila bayolojia hakuna chuo cha utabibu. Hilo hata miye nalijua.

Nikachukua ndoo yangu nikatoka, nikaelekea nyumbani kwa Mwalimu Kassimu. Sikufika. Pale penye soko la mitumba nilisikia sauti ninayoijua, sauti ya sheria tano, inaimba, "Chagua, mama, chagua! Marobota mapya haya!" Mwalimu Kassimu kasimama juu ya meza, shati kaning'iniza begani, suruali za watu wa Ulaya mkononi. Na mbele yake, wallahi, fungu la makoti meupe. Ya maabara. Yenye vifungo.

Nikamwamkia. Hasira haiondoi adabu.

"Shikamoo, mwalimu."

Aliniona, akaiona ndoo. Akashuka mezani.

"Marahaba, Hamza. Leo ilikuwa vyura?"

"Leo ilikuwa vyura."

 Akaniambia mshahara unafika umechelewa na ukifika haufiki popote, kwamba wanawe hawali sheria. Hayo nayajua, kwetu nako hakuliwi sheria. Nikamwambia angesema tu. Siku moja angekuja, akasema jamani naondoka. Taarifa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika neno hilo.

 Akaokota koti moja jeupe, akalipangusa.

"Vua hilo gunia, mwanangu, chukua hili. Halafu kaa hapa unisaidie kuita wateja. Una mdomo wewe, utauza."

Mdomo huohuo alionambia niufunge ili mkono ujifunze.

Nilitaka kusema jambo kubwa, la kukumbukwa mpaka Pangani.  Nikageuka tu, nikampa mgongo ausome, nikaenda zangu. 

Nilirudi shuleni wenzangu wameshaondoka. Karatasi ipo palepale ukutani. Nikachukua kalamu Zaina aliyoisahau mezani, nikalikata jina la mwalimu kwa mstari mmoja, umenyooka, sikutoboa karatasi. Nilidhani nitafurahi. Nikasafisha meza ambayo hakuna aliyeichafua, nikatoka.

Nyumbani mama kasema, "Miye ama vyura; silali nao tena, chagua." Na kweli mmoja alishaanza kulegea. Nikakumbuka sheria ya tano, ile niliyoicheka. Nikaibeba ndoo mpaka mtaroni, nikaimwaga. Wote wakaruka majini isipokuwa yule mlegevu, kakaa ukingoni ananitazama kama mwanafunzi anayengoja kipindi. Saidi akapita na kengele yake, akauliza nafanya nini. Nikamwambia namngoja mtu apone. Akacheka, akaenda. Baadaye yule chura naye akatumbukia.

Mjomba kasema nafasi nyingine ipo, basi la Horohoro ni Alhamisi. Sijamjibu.

Kesho kipindi cha kwanza ni bayolojia. Koti langu liko kwenye kamba, halijakauka, nitalivaa hivyohivyo. Nitakuwepo. Nikikuta maabara tupu, basi hasara ni ya waliokosa.