Kiti cha Kijani Kando ya Kitanda

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Salamu zangu zikukute mzima, na kama yale mafua uliyoondoka nayo bado yapo, basi yawe yamekuchoka. Sisi huku hatujambo. Goti la mama limetulia, anatembea mpaka dukani na kurudi, na kila anayekutana naye njiani lazima aambiwe kwamba mwanawe yuko masomoni. Mwanawe huyo ni wewe. Mimi ninayemkanda goti naitwa "huyu mwingine".

Umeniuliza mara tatu kwenye simu kwa nini mapazia ya chumbani kwako hayajatundikwa, na mara tatu nimecheka nikageuza maneno. Sasa umebakiza wiki mbili kurudi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye karatasi siwezi kujichekesha. Ukimaliza kusoma utaamua mwenyewe kama bado unamtaka dada wa namna hii.

Unajua kazi ya mapazia inaniingiza vyumbani mwa watu. Sebule watu huipangia wageni, lakini chumbani hujisahau. Yule mwanasheria wa ghorofani nilimkuta suti imenyooka, na chumbani nguo zimerundikana mpaka kitanda hakionekani. Wiki haikuisha nikasikia uchumba wake umevunjika. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili bado analala ukingoni, nusu nzima ya kitanda amemwachia marehemu mkewe. Mkono unapima dirisha, macho yanapima mengine. Ndiyo maana hayati baba aliniita Futi, na jina likanikaa.

Chumba chako nilikiona mwaka mliohamia. Ulinishika mkono ukanionyesha kitanda, taa mbili, kioo kirefu, ukafungua hata kabati. Nikasema hongera, na roho ilivyokuwa inaniuma, ikabidi niombe maji ya kunywa. Sisi tulilala kitanda kimoja miaka kumi na miwili, wewe ukutani kwa sababu uliogopa kuanguka, mimi ukingoni nikikukinga, shuka moja tunanyang'anyana. Halafu wewe ukapata chumba kile, mimi nikapata vyumba viwili vya kupanga, cha mbele cherehani, cha nyuma mimi. Ulipopandishwa cheo niliona gere. Ulipoolewa niliona gere, ingawa gauni nilishona mimi na kwenye kila picha nimetoa meno yote. Mwaka jana ulipoanza kukonda, nilikuonea wivu kwamba hata kukonda umekonda vizuri.

Basi ulipoagiza mapazia, shemeji alinifungulia Jumamosi asubuhi, akarudi nje kuosha gari lake. Nilipima dirisha harakaharaka bila kutazama huku wala kule, nikaondoka. Nyumbani nikakitandaza kile kitambaa ulichochagua, rangi ya maziwa, kizito, kinaanguka vizuri hata kabla hakijashonwa. Mkono ukashika mkasi, ukakata vidole vinne pungufu. Sikukosea, mdogo wangu. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Nilitaka chumba kile kiwe na kitu kimoja kibaya, kitu cha kukukera kila asubuhi ukifungua macho.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kutundika. Ngazi sikubeba, na bomba la pazia liko juu, kwa hiyo nikakivuta kile kiti cha kijani cha kando ya kitanda ili nipande. Nyuma yake, mahali ambapo mtu aliyesimama mlangoni hawezi kuona, kulikuwa na blanketi limekunjwa mara nne, mto mdogo unaonukia mafuta yako ya nywele, na saa yako ya kukuamsha. Ningesema ni vitu vilivyosahauliwa na msafiri. Lakini kitambaa cha kiti kimechakaa pale kichwa kinapoegemea, na mto wa kukalia umebonyea upande mmoja, upande wa mtu anayelala amejikunja. Kuchakaa kule hakukuwa kwa wiki mbili tatu.

Shemeji alikuja akasimama mlangoni na ndoo yake. Aliniomba nikimaliza nikirudishe kiti palepale, kwa kuwa wewe siku hizi usingizi unaupatia hapo tu. Alisema kama anatania, lakini macho yalikuwa kwenye ndoo.

Nitakuambia ukweli wote. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Nilipanda juu ya kiti chako nikiwa nimefurahi, nikatundika mapazia, nikashuka nikayatazama. Yalikuwa yananing'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Ndipo nikaona aibu, aibu ya kukosa pa kuweka uso. Nikayashusha, nikamwambia shemeji pindo lina hitilafu.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni hili linalofuata. Tangu nihamie hapa hujawahi kuingia chumba changu cha nyuma. Kila ukija nakukalisha kwenye cherehani, nasema huko ndani kumejaa vitambaa. Hakuna vitambaa, Kifungo. Kuna chumba chako. Kitanda ni kilekile, nilimchorea seremala kwa kukumbuka. Taa ni mbili, na mimi nalala peke yangu. Kioo kiko upande uleule. Mwaka jana nilipokuja kukuona, mlango wa chumbani ulikuwa wazi nikakiona kile kiti cha kijani, na sikutulia mpaka nami nikapata kama hicho. Nilidhani ni urembo. Sijawahi kukikalia, huwa natupia nguo.

Siku ile niliporudi kutoka kwako nilizitoa nguo nikakikalia. Nikakitazama chumba kama ninavyotazama vya wateja, nikimtafuta mwenyewe. Sikumwona. Ningeulizwa, ningesema humu hakai mtu. Nilikuwa nimeinakili, kwa vipimo kamili, sehemu unapojikunja ukilia, nami nikaiita bahati yako.

Sikuulizi kilichotokea kati yako na shemeji. Ukitaka utaniambia, usipotaka tutazungumza habari za goti la mama. Mapazia nimeyaongeza pindo la vidole vinne kwa kitambaa nilichokata kwenye pazia langu. Rangi hazifanani sana. Kiti changu cha kijani nimekihamishia chumba cha mbele wakalie wateja, na mmoja tayari amelalamika kuwa kinaumiza mgongo.

Niandikie uniambie mapazia niyatundike wapi, kwako au kwangu. Dirisha langu ni dogo, yatakunjamana kidogo. Kitanda kinatosha watu wawili. Upande wa ukutani nimetandika.

Mama anakusalimu sana na anakukumbusha kula. Jirani zetu wote hawajambo. Nisalimie wenzako wa masomoni, na uwe na safari njema ya kurudi, popote utakapochagua kurudi.

Ni mimi dada yako anayekupenda, na aliyekuonea kijicho,
Futi