Mguu Aliouburuta Abdi

Dada Nafula,

Nakusalimu kwa ujumbe wa simu kutoka Bissil, ambako vumbi linaingia mpaka kwa chai. Mbuzi wa kuchoma wa hapa ni mtamu hata nimeona aibu kumla bila wewe.

Sokoni nimeketi na Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe. Hanunui ng'ombe kabla hajamwona akitembea.

"Na mimi mwenyewe niliburuta mguu mwaka mzima, nikisema ni uzee," akaniambia. "Mke wangu alinichua na mafuta ya kondoo. Siku moja ndara ikabaki njiani na sikujua."

Alipoenda hospitali, eksirei haikuonyesha kitu. Daktari mwingine alimpima nguvu za miguu, akamtuma Nairobi kupigwa picha ya MRI. Hapo ukaonekana uvimbe ukibana uti wa mgongo. Wakampasua, wakaupima, haukuwa saratani. Sasa anatembea na fimbo.

"Fimbo hata zamani nilikuwa nayo," akacheka. "Ilikuwa ya ng'ombe."

Dada, uliniambia kwa simu kwamba mgongo unakuuma zaidi ukilala, na kwamba mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi. Mimi si daktari, na huenda ni kitu kidogo. Lakini nimempigia shemeji. Kesho asubuhi atakupeleka hospitali, na habari ya mguu mwelezeni daktari kabla ya ile ya mgongo.

Najua utanikasirikia kwa kumwambia. Nigombeze nikifika, mradi uje kunifungulia mlango kwa miguu yako.

Ndugu yako akupendaye,
Wafula